PALM na hewa ya usiku: tathmini ya programu huria ya kuiga msukosuko wa angahewa

Kwa muda wa miezi saba nimeitumia programu iitwayo PALM kwa kazi moja tu, nayo ni kuiga msukosuko wa hewa iliyo karibu na ardhi katika usiku mtulivu. Wengi wanaoisifu programu hii huisifu kwa kazi zake za mchana, au kwa uigaji wa upepo unaopita katikati ya majengo ya mji, na sifa hizo inazistahili. Usiku ni mtihani wa aina nyingine. Programu inayofanya vizuri saa sita mchana inaweza kutoa jibu lisilo sahihi saa sita usiku bila kuonyesha dalili yoyote ya hitilafu, na michoro yake ikapendeza vilevile. Kwa sababu hiyo nimeona ni vyema kuandika tathmini inayohusu usiku peke yake, kwa ajili ya mwanafunzi au mtafiti mwenye kompyuta moja ya mezani na swali linalomnyima usingizi.

Swali langu linahusu moshi wa Dodoma. Wakati wa kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti, anga la Dodoma huwa jeupe kwa siku nyingi mfululizo, na jioni majiko ya mkaa na kuni yanapowashwa moshi hupanda kidogo, husimama, kisha hujitandaza juu ya mapaa na kukaa hapo hadi jua la asubuhi liupashe uwanja joto. Nilitaka kujua dari hilo lisiloonekana liko mita ngapi kutoka ardhini, na ni kiasi gani cha moshi kinabaki kwenye kimo ambacho watu wanavuta pumzi.

Ugumu wa swali hilo unatokana na hewa yenyewe. Mchana jua huipasha ardhi joto, hewa ya chini huwa nyepesi, nayo hupanda kwa mizunguko mikubwa ambayo upana wake hufikia kilomita moja au zaidi. Gridi, yaani mtandao wa pointi ambazo hewa hukokotolewa kwazo, yenye hatua (umbali kati ya pointi na pointi) ya mita 50 inatosha kuiona mizunguko hiyo, na kinachobaki kisionekane ni kidogo. Jua likishatua, ardhi hupoteza joto lake kwa kulinururisha kuelekea angani, hasa pale ambapo hakuna mawingu wala mvuke mwingi. Hewa inayoigusa ardhi hupoa kuliko ile iliyo juu yake, na kwa kuwa hewa baridi ni nzito, haina sababu ya kupanda. Kinachobaki kuichochea ni upepo peke yake, kwa vile kasi yake ni ndogo chini na kubwa juu, ilhali uzito wa hewa baridi unafanya kazi ya kuuzima kila mchocheo. Shindano hilo hupimwa kwa namba ya Richardson, ambayo ni uwiano kati ya kinachozima na kinachochochea, na namba hiyo inapopita takriban 0.25 msukosuko huanza kushindwa kujiendesha. Mizunguko inayosalia ni ya mita kumi, mita tano, na karibu na ardhi hata chini ya mita moja. Katika usiku ulio mtulivu sana, msukosuko hufifia kabisa kisha ukarudi ghafla kwa dakika chache, kama mtu anayeshtuka usingizini, na vipindi hivyo vifupi ndivyo vinavyobeba sehemu kubwa ya joto na moshi.

Yeyote anayetaka kuiga hali hiyo anahitaji chombo kinachoweza kushuka hadi kwenye mizunguko midogo, na hapo ndipo PALM inapoingia. Programu hii imekuwa ikitengenezwa tangu mwaka 1997 katika taasisi ya hali ya hewa ya Chuo Kikuu cha Leibniz mjini Hannover, Ujerumani, ikianzia chini ya uongozi wa Siegfried Raasch. Imeandikwa kwa lugha ya Fortran, inatolewa bure chini ya leseni ya GPL, na imeundwa tangu mwanzo ili kazi moja igawanywe kwa kori nyingi, yaani vichakataji vingi, kutoka zile nne za kompyuta ya mkononi hadi maelfu ya kori za kompyuta kuu. Njia yake ni ile ya kuiga mizunguko mikubwa: milinganyo ya mwendo wa hewa inakokotolewa moja kwa moja kwa mizunguko inayozidi hatua ya gridi, na ile iliyo midogo kuliko gridi inakadiriwa kwa fomula. Mchana fomula hiyo ni msaidizi tu, lakini usiku, gridi ikiwa pana, inakuwa ndiyo mwenye nyumba.

Kuisimika kunahitaji Linux au mfumo unaofanana nayo, kompaila ya Fortran (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine), maktaba ya MPI (ya kugawa kazi kwa kori), maktaba ya netCDF (ya kuhifadhi matokeo) na ile ya FFTW (ya hesabu za Fourier). Kwangu kazi hiyo ilichukua siku mbili, na kosa halikuwa la PALM: maktaba ya netCDF niliyoikuta kwenye mashine yetu ilikuwa imejengwa kwa kompaila tofauti na ile niliyokuwa naitumia, na maktaba ya Fortran hukataa kuunganishwa kwa namna hiyo. Nilipojenga kila kitu upya kwa kompaila moja, usimikaji ulikwenda bila tatizo. Namshauri anayeanza afanye hivyo tangu siku ya kwanza.

Matumizi yake ya kila siku yananipendeza kwa urahisi wake. Mtumiaji huandika faili moja la maandishi ambalo jina lake huishia na `_p3d`, humo akitaja idadi ya pointi za gridi, hatua yake, upepo, halijoto na muda wa kazi, kisha huendesha amri ya `palmrun` pamoja na idadi ya kori anazotaka. Jambo dogo la kuzingatia ni kwamba hesabu ya pointi huanza na sifuri, hivyo anayetaka pointi 64 kwa upande wa mlalo huandika 63. Programu hukusanya mafaili, huendesha kazi katika folda ya muda, na mwishoni huyarudisha matokeo kwa muundo wa netCDF ambao husomwa kwa urahisi na Python au programu nyingine yoyote ya kuchora. Pamoja na matokeo hutoa faili linaloishia na `_header`, ambalo linaorodhesha kila mpangilio uliotumika, ukiwemo ule ambao mtumiaji hakuutaja. Naomba msomaji asilipuuze faili hilo, kwa sababu nitakayoyasema baadaye kuhusu latitudo yalifichuliwa na mstari mmoja ndani yake.

Kabla ya kuiuliza programu swali ambalo jibu lake hulijui, ni haki kuiuliza swali ambalo wengine wamekwisha kulijibu. Kwa tabaka tulivu, yaani hewa ya usiku iliyo karibu na ardhi, swali hilo linaitwa GABLS1. Ni jaribio la pamoja ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2006 na Robert Beare na wenzake, baada ya vikundi kadhaa vya utafiti kuendesha programu zao juu ya hali ileile iliyotokana na vipimo vya mwaka 1994 juu ya Bahari ya Beaufort katika Aktiki. Masharti yake ni machache, na kila mtu anaweza kuyarudia: boksi la hewa la mita 400 kila upande, upepo wa jiostrofia (ule wa juu, ambao msukumo wa kanieneo husawazishwa na athari ya mzunguko wa dunia) wa mita 8 kwa sekunde, latitudo ya nyuzi 73 kaskazini, halijoto ya kelvini 265 hadi mita 100 kisha ongezeko la kelvini 0.01 kwa kila mita, na uso unaopoa kwa kelvini 0.25 kila saa kwa saa tisa. Wastani huchukuliwa katika saa ya mwisho. Jibu linalotarajiwa ni tabaka lenye kina cha kati ya mita 150 na 200 hivi, na karibu na kilele chake mkondo mwembamba wa upepo wenye kasi inayozidi ule wa jiostrofia.

PALM inapita mtihani huu, lakini namna inavyoupita inategemea hatua ya gridi kuliko jambo lingine lolote, na nitakaa hapa kwa muda kwa sababu ndipo pesa na wakati wa mtumiaji vinapokwenda. Kwa hatua ya mita 12.5, boksi lina pointi 32 kila upande, jumla 32,768. Kwa mita 6.25 ni pointi 262,144. Kwa mita 3.125 zinazidi milioni mbili, kwa mita 2 zinafika milioni nane, na kwa mita 1 ni milioni 64. Kila hatua inapopunguzwa nusu, pointi huongezeka mara nane, na kwa kuwa muda wa kila ruka la hesabu nao lazima upungue nusu, kazi yote huongezeka mara 16. Kwenye mashine yetu ya kori nane, kazi ya mita 12.5 huisha kabla chai haijapoa vizuri, ya mita 6.25 huisha katika saa chache za usiku, na ya mita 3.125 huchukua siku mbili na ushee. Ya mita 2 ingechukua takriban wiki mbili bila kusimama, na ya mita 1 zaidi ya nusu mwaka. Kwa kulinganisha, mwaka 2016 Peter Sullivan na wenzake nchini Marekani walichapisha uigaji wa hali hiihii kwa programu yao wenyewe, wakitumia hatua ya mita 0.39, yaani pointi 1,024 kila upande na zaidi ya bilioni moja kwa jumla. Huko ndiko walikoona kwa uwazi kuta nyembamba za joto na baridi zilizolala kimshazari ndani ya tabaka, jambo ambalo gridi pana haiwezi kulichora hata kidogo.

Swali la haki ni kama mtu mwenye mita 6.25 anapata jibu lililo sawa kimsingi, likiwa limefifia tu, au anapata jibu lingine. Kwa PALM na mpangilio wake wa kawaida, jibu huhama. Fomula ya mizunguko midogo inayotumika ni ile ya James Deardorff ya mwaka 1980, ambayo hukadiria ukubwa wa mizunguko isiyoonekana kwa kuchukua kilicho kidogo kati ya hatua ya gridi na 0.76 ya kipeuo cha pili cha nishati ya msukosuko kikigawanywa kwa masafa ya kuelea, ambayo hupima jinsi hewa ilivyo tulivu. Kifungu hicho cha pili kiliwekwa mahsusi kwa ajili ya hewa tulivu, na ndicho chenye udhaifu: kadiri gridi inavyobadilika ndivyo kina cha tabaka na kimo cha mkondo wa upepo vinavyobadilika, wakati mtu anatarajia vitulie. Ninaiheshimu jamii ya PALM kwa kuwa udhaifu huu umetangazwa na watu wake wenyewe. Mwaka 2021 Yi Dai, Sukanta Basu, Björn Maronga na Stephan de Roode walichapisha marekebisho ya kifungu hicho wakitumia PALM na programu nyingine ya Uholanzi, na walionyesha kwamba utegemezi kwa gridi hupungua sana. Anayeiga usiku asiendelee na fomula ya zamani kwa mazoea tu. Abadilishe, aendeshe jaribio la GABLS1 kwa gridi mbili zilizo tofauti, aweke michoro kando kwa kando, kisha ndipo aamini.

Kuna jambo lingine ambalo mtu wa mchana halijui. Uigaji wa mchana hujichochea wenyewe, kwani ardhi yenye joto huzaa mizunguko bila kuombwa. Usiku hewa ya mwanzo ikiwa laini kabisa itabaki laini, na programu itaonyesha upepo unaoteleza kama maji juu ya kioo. PALM hutia vurugu ndogo za bahati nasibu kwenye upepo mwanzoni mwa kazi, na huruhusu kuzirudia hadi nishati ya msukosuko ifike kiwango fulani. Kwa gridi ya mita 12.5 niliona vurugu hizo zikizimika na msukosuko ukiachiwa fomula kwa sehemu kubwa. Kwa mita 6.25 zilishika na kujiendesha zenyewe. Kwa hiyo gridi ya mita 12.5 kwangu ni ya kuhakikisha kwamba faili halina makosa, wala haifai kuchorwa kwenye ripoti yoyote.

Kuhusu umeme, ambao kwetu ni sehemu ya tathmini ya programu yoyote inayofanya kazi kwa siku mbili mfululizo, nina funzo nililolipata kwa hasara. Kazi yangu ya kwanza ya mita 3.125 ilipoteza saa 31 za hesabu pale umeme ulipokatika na betri ya akiba niliyouziwa mjini ikashindwa kuhimili hata dakika kumi. Matokeo ya PALM hukaa katika folda ya muda hadi kazi iishe, kwa hiyo kilichokuwa njiani kilipotea. Programu ina dawa ya tatizo hilo, nayo ni uwezo wa kuendeleza kazi: badala ya kuomba saa tisa za uigaji kwa pamoja, mtu huomba saa moja na nusu, huagiza hali ya mwisho ihifadhiwe, kisha huanzisha kipande kinachofuata kutoka hapo. Tangu nilipogawa kila usiku katika vipande sita sijapoteza zaidi ya kipande kimoja kwa wakati. Utaratibu huu umefanya kazi bila kosa kila mara nilipoutumia, na matokeo ya vipande huungana bila mshono unaoonekana.

Jambo linalohitaji uangalifu zaidi kuliko yote ni sharti la chini, yaani kile programu inachoambiwa kuhusu uso wa ardhi. Mazoea ya mchana ni kutaja mtiririko wa joto kutoka ardhini, na PALM inaukubali bila kunung'unika hata kwa usiku, ambapo mtiririko huwa hasi kwa kuwa joto hushuka. Hapa pana mtego ambao Sukanta Basu na wenzake waliueleza kinagaubaga mwaka 2008. Hewa isipokuwa na tofauti ya joto kati ya chini na juu, hakuna joto la kushusha, hivyo mtiririko ni sifuri. Tofauti ikiwa kubwa mno, msukosuko hufa, hakuna wa kulibeba joto, na mtiririko ni sifuri tena. Katikati pana kilele. Maana yake ni kwamba mtiririko mmoja uleule unaweza kuwa wa usiku wenye upepo au wa usiku ulionyamaza kabisa, na programu haina njia ya kujua umekusudia upi. Vibaya zaidi, ukitaja mtiririko unaozidi kile kilele, programu inadaiwa joto ambalo hewa haina njia ya kulishusha, na uso wa ardhi unapoa bila kikomo hadi matokeo yanakuwa upuuzi. Njia salama ni kutaja halijoto ya uso, kama GABLS1 inavyofanya, na kuiacha programu ikokotoe mtiririko yenyewe. PALM inaruhusu kuisomesha halijoto hiyo kutoka kwenye faili la pembeni inayobadilika saa kwa saa, na kwa Dodoma nilitumia vipimo vya uwanjani kwetu kwa njia hiyo. Kwa anayejua aina ya udongo na uoto wa mahali pake, kuna moduli ya ardhi pamoja na ya mnururisho ambazo hukokotoa halijoto ya uso kutokana na mizani ya nishati. Hilo ndilo lililo bora, ingawa linadai maarifa mengi ya udongo.

Sasa latitudo. Katika jaribio langu la kwanza la Dodoma niliuondoa mstari wa nyuzi 73 na nikasahau kuandika mwingine. Kazi iliendeshwa, michoro ikatoka, mkondo wa upepo ukaonekana mzuri kabisa juu ya tabaka. Niliposoma faili la `_header` ndipo nikakuta nyuzi 55 kaskazini, thamani ambayo PALM huitumia pale isipoambiwa kitu. Nilikuwa nimeiga usiku wa Ulaya ya kaskazini na kuuita wa Dodoma.

Kosa hilo lilinifunza kuhusu usiku wetu kuliko kazi zote nilizozifanya kwa usahihi. Mwaka 1957 mtaalamu wa hali ya hewa Alfred Blackadar alieleza kwamba jua linapotua na msukosuko kufifia, upepo ulio juu ya tabaka hufunguliwa kutoka kwenye breki ya ardhi, nao huanza kuzunguka polepole kuuzunguka upepo wa jiostrofia kwa nguvu ya Koriolisi, itokanayo na mzunguko wa dunia, ukipita kasi yake katika sehemu ya mzunguko huo. Ndiyo asili ya mkondo wa usiku katika nchi za mbali na ikweta. Mzunguko huo huchukua saa 12.5 kwa nyuzi 73, kwa hiyo usiku mmoja unatosha kuuona. Dodoma iko kwenye nyuzi 6 na dakika 10 kusini, na mzunguko huohuo huko huchukua zaidi ya siku nne na nusu. Nairobi, iliyo chini ya nyuzi moja na nusu kutoka ikweta, huchukua takriban siku 22. Usiku wetu wa saa kumi na mbili hauwezi kuuzalisha mkondo wa Blackadar. Mkondo unaopimwa hapa kwetu usiku lazima uwe na chanzo kingine, kama miteremko ya milima, tofauti ya joto kati ya nchi kavu na maji, au mabonde yanayobana upepo kama yale ya Turkana.

Kwa mtumiaji wa PALM hili lina athari ya moja kwa moja. Programu huusukuma upepo kwa kutumia upepo wa jiostrofia uliozidishwa kwa kigezo cha Koriolisi, ambacho hupungua kadiri unavyoikaribia ikweta, na kwa Dodoma kigezo hicho ni kidogo karibu mara tisa kuliko kile cha GABLS1. Upepo wa jiostrofia wa mita 8 kwa sekunde, ukiachiwa peke yake kwa saa tisa kwenye latitudo yetu, hauwezi kuibadilisha kasi ya hewa kwa zaidi ya mita 4 kwa sekunde au hapo karibu. Kwa hiyo upepo wa alfajiri katika uigaji unabeba kumbukumbu ya upepo wa jioni ulioandikwa na mtumiaji mwenyewe, na kama aliuandika kwa kubahatisha, usiku mzima umebahatishwa. Sikuona njia ya mkato. Nilianza kutumia wasifu halisi wa upepo wa jioni kwa kila kimo, na niliacha kabisa kuchukulia kwamba hali itajisawazisha yenyewe kabla ya asubuhi. Mafunzo mengi ya programu za aina hii yameandikwa na watu wa latitudo za juu kwa ajili ya usiku wao, na wala si kosa lao. Sisi ndio tunaopaswa kuandika yetu.

Kwa upande wa moshi, PALM hubeba kitu chochote kisichoathiri mwendo wa hewa kwa kuongeza mstari mmoja kwenye faili, na unaweza kukitoa kutoka kwenye uso kwa kiwango unachotaka kwa saa unazotaka. Niliutoa moshi kwa saa mbili za mwanzo kisha nikaufunga, kama jioni ya mapishi inavyokwenda. Katika usiku wenye upepo dhaifu, moshi ulibaki katika makumi ya mita za chini hadi mwisho wa kazi, jambo linalokubaliana na kile macho yanachokiona kutoka kwenye vilima vya mji. Lililonishtua ni tofauti kati ya gridi mbili. Nilipopunguza hatua kutoka mita 6.25 hadi 3.125, tabaka lilikuwa jembamba zaidi na moshi wa karibu na ardhi ukawa mzito zaidi, ingawa kiasi kilichotolewa kilikuwa kilekile. Mtu aliyeishia kwenye mita 6.25 angewaambia viongozi wa mtaa kwamba hewa ya usiku ni safi kuliko ilivyo, na angesema hivyo kwa nia njema akiwa na michoro mizuri mkononi. Katika tathmini ya afya ya watoto wanaolala katika nyumba zenye madirisha ya wavu, kosa la upande huo ndilo tusilopaswa kulivumilia.

Wapo wanaoniuliza kama wachague PALM au MicroHH, ambayo nayo ni programu huria, imeandikwa kwa C++, na inaweza kutumia kadi za michoro badala ya kori za kawaida. Mwenye kadi nzuri ya michoro na swali lililo safi juu ya ardhi tambarare afikirie MicroHH kwa dhati, hasa kwa kuwa jaribio la GABLS1 huja nayo likiwa tayari. Mwenye kori za kawaida, au anayekusudia baadaye kuingiza nyumba, miti, udongo na kemia ya hewa katika uigaji wake, atakaa na PALM bila kujuta. WRF, programu ya utabiri wa hali ya hewa, nisingeichagua kwa kazi hii, kwani nguvu yake iko kwenye utabiri wa maeneo makubwa, na kuishusha hadi mita tatu ni kuilazimisha.

Mwanafunzi wa shahada ya kwanza anaweza kujifunza mengi kwa kazi ya mita 6.25 kwenye kompyuta ya mkononi, mradi ajue ni mazoezi. Kwa utafiti utakaomfikia mtu anayefanya maamuzi, nisingekubali kitu kilicho pana kuliko mita 3.125, na kwa usiku mtulivu sana hata hiyo haitoshi, kwa sababu tabaka lote linaweza kuwa na kina cha makumi machache tu ya mita, na gridi hiyo ikabaki na pointi chache mno za kulieleza. Kwa Dodoma nimeomba muda kwenye kompyuta kubwa zaidi ili niendeshe hatua ya mita 2. Hadi nitakapoupata, kila mchoro ninaoutoa una hatua ya gridi imeandikwa kando ya jina la mji, kwa herufi za ukubwa uleule.